Vituo vya daladala vyenye majina ya baa zilizokufa: Dar ilizipeleka wapi baa zake za zamani?

#1 MtuWaManzese

Wakuu, salaam.

Juzi nimepanda daladala na mwanangu wa darasa la tano, Barabara ya Morogoro. Konda akagonga bodi: "Resort! Resort wapo?" Mtoto akachungulia dirishani kulia na kushoto, kisha akaniuliza, "Baba, hiyo Resort yenyewe iko wapi?" Nilikosa cha kumwonyesha. Fremu za maduka, barabara pana, basi la mwendokasi linapita. Basi.

Kuanzia pale nikawa nahesabu vituo. Kimara Resort. Tip Top. Argentina. Ukienda Sinza unakuta Afrikasana. Ukigeukia Kinondoni unafika Morocco. Yote hayo kwa ninavyojua ni majina ya baa, hoteli au kumbi za starehe, na mengi yake jengo lenyewe huoni tena. Kilichobaki ni sauti ya konda.

Mimi nasema ziliuawa na barabara. Upanuzi, mwendokasi, tingatinga. Nani anabisha? Na mwenye kukumbuka baa fulani ilikuwa wapi na sasa hivi pamekuwa nini, aandike hapa kabla hatujasahau wote.

#2 Kondakta_Mstaafu

Mkuu, umenigusa penyewe. Nimefanya ukonda njia ya Kimara tangu 1986, nimeacha mgongo ulipokataa.

Resort ni Safari Resort, ya Hugo Kisima, yule mwenye Orchestra Safari Sound. Ndala Kasheba alikuwa pale na gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Halafu 1985 Muhiddin Gurumo, Hassan Bitchuka na Abel Balthazar wakatoka bendi ya Mlimani Park wakaenda kwa Kisima, ukazaliwa mtindo wa Ndekule. Kimara ya wakati huo ilikuwa mbali, watu wa mjini walikuona kama unakwenda shamba. Lakini Jumamosi jioni gari langu lilijaa watu waliovaa suruali zilizopigwa pasi mpaka zikawa na makali kama kisu, na wote wanashuka kituo kimoja. Baada ya pale naendelea na gari tupu.

Hapo kwenye barabara ndipo nakupinga. Bomoabomoa kubwa ya Kimara kwenda Kiluvya ilikuwa 2017. Muziki wa Resort ulikuwa umeshanyamaza miaka mingi kabla ya tingatinga kufika. Barabara ilikuta maiti.

Na jina la kituo, kwa taarifa yako, halikutoka ofisini kwa mtu. Jina la kituo ni la abiria wa kwanza aliyesema "nishushe hapo kwa..." na konda akalirudia kesho yake.

#3 MzeeWaKreti

Marahaba kwa wadogo, na wakubwa shikamooni.

Mimi nilikuwa upande wa ndani wa kaunta. Nimeanza kubeba kreti kijana kabisa mwaka 1974, baadaye nikawa msimamizi wa baa ya shirika. Ngoja niwaeleze kitu ambacho nyie wa kizazi cha friji kila kona hamkijui.

Kiwanda cha bia kilitaifishwa baada ya Azimio la Arusha, 1967. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bia ilikuwa ya mgao. Lori likishusha kreti kwangu, habari zinafika Magomeni kabla chupa hazijapoa. Tulitoa mbili kwa kila kichwa, na ya tatu hupati mpaka wote waliokaa wamepata. Mtu alikuwa haendi baa anayoipenda, anakwenda baa yenye bia. Na kwa kuwa mgao ulipitia kwenye baa zenye leseni na nafasi, baa kubwa zilijaa hata kama viti vimevunjika.

Halafu petroli. Jumapili ikipita saa nane mchana, magari binafsi hayaruhusiwi barabarani. Kwa hiyo mtu aliburudika anapoweza kufika kwa miguu.

Sasa fikeni 1993. Serikali inauza nusu ya kiwanda kwa Makaburu wa kule kusini, mitambo inatengenezwa, bia inafurika. Kila mwenye kibaraza na friji akafungua grosari. Ninyi mnasema baa zilikufa kwa shida. Mimi nilizitazama zikifa kwa neema. Wakati wa dhiki tulijaza ukumbi, wakati wa bia tele nilikaa na wahudumu sita tukitazamana.

#4 SinzaMori

Mzee wa Kreti shikamoo. Hapo kwenye grosari umemaliza. Huku Sinza kulikuwa na baa ya Afrika Sana, ndiyo iliyozaa jina la kituo. Leo ukisema Afrikasana, kijana anafikiri ni mtaa tangu enzi za Mjerumani.

Ila mimi naongeza: watu waliacha kusafiri kwenda kunywa. Zamani mtu wa Temeke anavuka mji kwenda Kinondoni kwa sababu ya bendi. Siku hizi unakunywa mita hamsini kutoka kitandani kwako, foleni hukai na trafiki hakupulizishi kile kipimo. Grosari imeshinda kwa sababu ya foleni.

MtuWaManzese, na wewe umekaa Manzese miaka yote unauliza watu wa Sinza habari za baa? Manzese nzima ilikuwa baa!

#5 MpigaTumba

Wakuu, mnaongea baa mnasahau kilichowaleta watu baa. Bila bendi, ile ni nyumba yenye meza.

Orodha yangu kwa haraka. Maquis du Zaire pale White House Ubungo, halafu Lang'ata Kinondoni. "Kamanyola bila jasho", kina Chinyama Chiyaza. Vijana Jazz na Hemed Maneti, Kinondoni. Msondo Amana, Ilala. Sikinde DDC Kariakoo na baadaye TTC Chang'ombe. Kila bendi na nyumba yake. Ukimwambia mke unakwenda Amana, anajua utarudi ukiwa umelowa jasho la Msondo, hana wasiwasi.

Kilichoua ni disko. Mwenye baa alilipa bendi ya watu kumi na tano, chakula, nauli, mshahara. Akagundua kijana mmoja mwenye santuri na spika mbili anajaza ukumbi uleule. Hesabu hiyo nani angeikataa?

#6 MwalimuWaKemia

Mpiga Tumba, pole nakusahihisha. Ni TCC Club Chang'ombe, ya Kampuni ya Sigara. TTC Chang'ombe ni chuo cha ualimu, ambacho sasa ni chuo kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mimi nimesoma hapo TTC. Muziki wa Jumapili tuliusikia kwa mbali tukiwa tunaandaa maazimio ya kazi, na ilikuwa mateso makubwa.

Disko nayo umeichelewesha. Vijana wa Dar walikuwa wanacheza "soul" mpaka 1969 ikapigwa marufuku mjini. Bugi, yaani disko za mchana, ziliendelea miaka ya sabini na themanini, na bendi zilikuwa hai vilevile. Vilikaa pamoja miaka ishirini. Kama disko ndiyo muuaji, mbona alimlea marehemu muda wote huo?

#7 MpigaTumba

Nimesahihishwa, mwalimu. TCC. Ahsante.

Ila bugi ilikuwa ya mchana na ya watoto wa shule. Haikugusa usiku wa wakubwa.

#8 BintiSikinde

Naomba niseme kitu ambacho hakuna aliyekigusa.

Mlimani Park ni jina la baa. Ile njia ya Chuo Kikuu. Mwaka 1978 shirika la usafiri na teksi, TTTS, likaanzisha bendi ikawa inapiga hapo: Gurumo, King Michael Enoch, Abel Balthazar, Cosmas Chidumule. Bendi ikachukua jina la baa. Shirika likashindwa kuendelea nayo, 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji. Ikahamia Kariakoo, lakini jina halikubadilika. DDC Mlimani Park Orchestra, ndiyo hiyo Sikinde. Yaani watu wa Kariakoo walicheza miaka na miaka muziki wa baa ambayo haipo Kariakoo.

Mimi baba yangu alinipa jina la utani la bendi hiyo, ndilo mnaloliona hapo juu. Alifariki mwaka ambao Gurumo alifariki, 2014, wakipishana miezi. Kwetu sisi ukumbi wa DDC ulikuwa mahali ambapo baba alikuwa mtu mwingine: mpole, anacheka, ananinunulia soda. Nyumbani alikuwa mkali sana. Kwa hiyo mnaposema "baa zilizokufa" mimi nasikia habari za baba.

#9 MtuWaManzese

Binti Sikinde, pole na ahsante. Hilo la bendi kubeba jina la baa sikuwahi kulifikiria.

Sasa wenyeji wa Manzese nisaidieni: Argentina. Mimi niliambiwa ilikuwa baa, ikapewa jina Kombe la Dunia 1978 Argentina walipochukua. Kweli?

#10 MkaaJuu

Hapana. Nilisikia mwenye nyumba alikuwa baharia, aliwahi kufika huko.

#11 TipTopMzaliwa

Argentina ilikuwa ukumbi wa dansi, baa ilikuja baadaye. Na Tip Top nayo ilikuwa baa na gesti. Marehemu bibi alikuwa anauza mihogo ya kukaanga mlangoni, na hakuwahi kuita mahali pale kwa jina lingine.

#12 MwalimuWaKemia

Kombe la Dunia 1978 mlilitazama wapi? Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Mtu wa Manzese hakuona bao hata moja la Argentina. Labda 1986, na hata hiyo ni redio na magazeti.

#13 MwanaUnguja

Mwalimu, sema Bara. Sisi Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Inawezekana kabisa mwenye baa alikuwa mtu wa kwetu, kavuka na habari zake.

#14 Kondakta_Mstaafu

Nami niliwahi kuambiwa na dereva wangu kwamba Argentina ni jina la timu ya mtaani, vijana walikuwa wanavaa mistari ya bluu na nyeupe, wakikaa kwenye hiyo baa baada ya mechi. Baa ikaitwa kwa timu, si timu kwa baa. Lakini dereva huyo aliwahi pia kuniambia basi la Ikarusi kumbakumba la UDA lilikunjwa katikati kwa bahati mbaya kiwandani, kwa hiyo pokeeni kwa tahadhari.

#15 TipTopMzaliwa

😂 Kumbakumba! Nilikuwa nagombania kusimama pale kwenye ule mpira wa katikati, pale panapozunguka.

#16 ShangaziTandika

Wanangu, nimesoma kuanzia juu. Nyote mnaongea kama wateja, ukimtoa Mzee wa Kreti. Mama yangu alikuwa mhudumu wa baa, Temeke na baadaye Keko, kuanzia kabla sijazaliwa mpaka nilipomaliza la saba. Mshahara wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba tuliishi kwa chenji. Mteja anasema "kaa na hiyo", ndiyo daftari langu, ndiyo dagaa wa jioni.

Chupa ikivunjika inakatwa kwake. Mteja akikimbia bila kulipa, inakatwa kwake. Alikuwa anatembea na kizibuo kimefungwa na uzi kiunoni, na mpaka leo nikisikia kizibo kikidondoka sakafuni namwona.

Baa ile ilifungwa ndani ya wiki moja tu, hakuna aliyeambiwa. Wahudumu walikuta kufuli. Sasa hivi pale ni ghala la mabati na nondo. Nilipita mwaka jana, sakafu ni ileile nyekundu ya kupaka, wameweka nondo juu yake. Nilimwomba kijana anipe ruhusa ya kuingia dakika moja tu kuangalia, akaniruhusu bila neno. Namwombea mema.

Mtakapohesabu baa, hesabuni na hao waliosimama saa kumi na mbili kwa siku.

#17 MzeeWaKreti

Shangazi, neno lako ni kweli tupu. Na chupa nimekata mimi mwenyewe kwenye mishahara yao, kwa maagizo ya juu. Nimelikumbuka hilo leo na halinipi raha.

#18 MchoraRamani

Habari za humu. Mimi kazi yangu ni ardhi, nitaleta upande wa viwanja, maana naona hoja zote zinazunguka bia na muziki.

Anzeni na swali: nani alimiliki? Mjini kati, majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba. Mwenye baa hakuwa na jengo, alikuwa na mkataba wa pango. Kodi ikiwa ndogo miaka ya mgao, baa inaishi. Ardhi ya mjini ilipopanda thamani na mwenye jengo akatafuta mbia wa kujenga ghorofa, mpangaji hana la kusema. Salamander pale Samora, mkahawa uliokuwa kwenye jengo la enzi za Mjerumani, leo ni mnara wa vioo na jina ndilo lililobaki.

Nje ya mjini kati ni hadithi nyingine. Baa za bustani, zile zenye vibanda vya makuti na uwanja wa kuegesha, zilikaa kwenye viwanja vikubwa. Ekari nzima ya miembe na meza! Hakuna biashara ya bia inayoweza kulipa thamani ya ekari moja Kinondoni leo. Anayenunua anataka sheli, maghorofa au yadi ya magari. Sio kwamba baa zilikosa wateja. Kiwanja kilikuwa na mteja bora zaidi.

Na kwa anayetaka mfano wa jengo lililobadilishwa kazi badala ya kubomolewa: tazameni Mahakama ya Rufani pale Kivukoni. Wakati wa Mwingereza ile ilikuwa Dar es Salaam Club, klabu ya Wazungu. Enzi hizo Mwafrika pombe kali hakuruhusiwa bila kibali, yeye aliachiwa kilabu cha pombe ya kienyeji. Baada ya uhuru ikawa hoteli ya Forodhani, sehemu ya kufundishia kazi za hoteli. Kisha majaji wakaja kusikiliza rufaa mahali palipokuwa na kaunta ya wakubwa. Jengo limesalimika kwa sababu lilikuwa la serikali na lilipata kazi nyingine mapema.

Morocco ni kinyume chake. Hoteli ilitoa jina kwa njia panda, njia panda ikatoa jina kwa kituo cha mwendokasi, na Shirika la Nyumba likajenga Morocco Square. Jina limepanda cheo mara tatu.

#19 JirambaLaPosta

Na Bilicanas je? Mbona mnaikwepa? Ilikuwa jengo la Shirika la Nyumba pia, mpangaji akatolewa Septemba 2016 kwa madai ya kodi, jengo likabomolewa baadaye. Hiyo ilikuwa siasa tupu na mnajua

#20 Msimamizi

Wadau, uzi huu ni wa historia ya baa na kumbi. Bilicanas kama ukumbi, karibuni. Nani alimfanyia nini nani kisiasa, kuna jukwaa lake. Nimeondoa majibu manne.

#21 MtotoWaUpanga

Kama ukumbi basi: kabla ya Bilicanas pale palikuwa Mbowe Hotel. Nilikwenda mara ya kwanza na kaka yangu mkubwa, nimeazima viatu vyake, vimezidi namba mbili, nimejaza magazeti. Taa zilizunguka. Nilikuwa sijawahi kuona taa inayozunguka ambayo si ya gari la zimamoto.

Na mnaokumbuka, Kilimanjaro Hotel ya 1965 nayo ilikuwa na Simba Grill, The Revolutions wanapiga, ndio hao baadaye Kilimanjaro Band, Wana Njenje. Hoteli imebadilisha jina la mwendeshaji mara kadhaa lakini jengo lipo.

Drive-in Cinema ya Msasani je? Pale sasa ni Ubalozi wa Marekani.

#22 SinzaMori

Mtoto wa Upanga, sinema si baa. Kesho utatuletea na Anatoglo.

#23 MtotoWaUpanga

Anatoglo nailetea leo hii! Ukumbi wa Mnazi Mmoja, watu wamecheza dansi pale tangu enzi za mkoloni, na ni humo humo tarehe 17 Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA, akimshinda Abdulwahid Sykes. Ukumbi bado upo umesimama. Nyie mnaolia baa zimekufa, mmewahi kuingia ndani ya ambao haujafa?

#24 MwanaWaMadhabahu

Nimesita kuandika lakini acha niseme. Kanisa letu linasali katika jengo lililokuwa baa na ukumbi. Mwembechai upande wa ndani. Jukwaa la bendi ndilo madhabahu yetu, hatukulijenga upya, tulilipaka rangi. Choo kilikuwa cha wanaume wengi na cha wanawake kimoja, tukageuza. Mwenye jengo alitupangisha kwa sababu tunalipa miezi sita mbele, na baa ilikuwa inamlipa kwa ahadi.

Kuna mzee muumini mwenzetu, zamani alikuwa akicheza dansi ukumbi huohuo. Anasema anakaa sehemu ileile aliyokuwa akikaa na marafiki zake, na kati yao amebaki yeye. Akianza kuimba pambio, anaimba kwa sauti ya dansi, vibwagizo vyote. Hatumkatazi. Chidumule na marehemu Remmy Ongala nao walimalizikia kwenye injili, kwa hiyo hata sauti za kumbi zile zimehamia kwetu.

#25 JiraniMwenyeUsingizi

Samahani lakini lazima mmoja aseme. Nimekaa miaka tisa nyuma ya baa. Watoto wangu walijifunza nyimbo za walevi kabla ya wimbo wa taifa. Sheria ya vileo ipo tangu 1968 na ina saa zake, hakuna aliyezijali. Tulilalamika kwa mjumbe, kwa mtendaji, kote. NEMC, wale wa mazingira, walipoanza kufungia baa kwa kelele mimi nilisujudu.

Za zamani zilikuwa uwanjani, mbali na nyumba, hilo nakubali. Tatizo mji ulizifuata. Sisi ndio tuliojenga karibu nazo. Lakini mtoto mchanga hajui nani alitangulia.

#26 MpigaTumba

Jirani, hoja yako nzito. Spika za siku hizi ni silaha. Bendi ya zamani ilipigwa kwenye vipaza sauti ambavyo ukivuka barabara husikii besi.

#27 JiraniMwenyeUsingizi

Ningekuwa na bendi yako ningekaa dirishani nisikilize.

#28 WaNairobiMjini

Hamjambo majirani. Huku kwetu ni yaleyale. Garden Square, pale katikati ya jiji, ndipo Les Wanyika waliibukia baada ya mazoezi ya miezi sita, na wengi wao walikuwa watoto wenu wa Tanzania waliotoka Simba Wanyika. Starlight nayo, Samba Mapangala na Virunga. Enzi hizo zimekwenda. Halafu mwaka 2010 tukapata sheria ya Mututho, baa zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi. Wenye baa wa mchana waliumia sana. Lakini vituo vyetu vya matatu havina majina ya baa kama vyenu. Sijui kwa nini.

#29 Kondakta_Mstaafu

Karibu jirani. Mimi nina jibu, ingawa wenzangu watabisha. Barabara zetu hazikuwa na taa. Usiku, kitu pekee chenye mwanga kati ya Magomeni na Kimara kilikuwa baa. Utamwelekeza mgeni ashukie wapi? Kwenye mwanga.

#30 MchoraRamani

Au kwa sababu mitaa ilikuwa haina majina wala vibao. Makazi holela, hakuna namba ya nyumba. Penye jina la mtaa, kituo kingeitwa mtaa.

#31 TipTopMzaliwa

Sasa mbona kuna Mwembechai, Kanisani, Msikitini, Bucha? Hivyo navyo vilikuwa na mwanga? Bucha inafungwa saa kumi na mbili.

#32 BintiWaMwembeni

Nimekuwa nasoma kimya tangu juzi. Baba yangu alikuwa na baa, Magomeni kuelekea Manzese, kandokando ya Barabara ya Morogoro. Ilikuwa ndogo, haikuwa na bendi, haimo kwenye orodha yenu yoyote. Meza kumi na moja, jiko la mshikaki, redio ya mbao, na kibao alichoandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki ya dirisha.

Alifariki 1998. Tulikuwa watoto tisa, mama wawili. Kesi ya mirathi ilichukua miaka saba. Katika miaka hiyo baa ilifunguliwa na kufungwa kila upande uliposhika funguo. Kaka mkubwa aliweka wahudumu wake, kaka wa upande wa pili akaja na polisi, friji ikachukuliwa na mtu ambaye mpaka leo hatumjui. Mwishowe wakauza, pamekuwa sheli. Haikuuawa na grosari, wala disko, wala barabara. Tuliiua sisi wenyewe, ndugu.

Nilipata sehemu yangu, nikalipa ada ya watoto. Sijutii ada. Ila nikijaza mafuta pale huwa nasimama pampu namba mbili, kwa sababu kwa kukisia ndipo ilipokuwa kaunta.

Kondakta, kama ulipita njia hiyo tangu 1986, unaikumbuka? Mbele ilikuwa na mwembe mkubwa, watu walisubiri gari kivulini kwake.

#33 MzeeWaKreti

Binti, pole. Miaka saba ya mirathi naijua. Baa tatu ninazozifahamu ziliishia hapohapo mahakamani, mwenye baa hakuacha wosia.

#34 Kondakta_Mstaafu

Binti, subiri. Mwembe ulioinamia barabarani, wenye kovu kubwa shinani? Uligongwa na lori la mbao usiku, watu wakawa wanapigilia misumari ya matangazo ya bendi kwenye kovu lile?

Kama ni huo, pale tulikuwa tunashusha. Kituo rasmi kilikuwa mbele kidogo, lakini abiria walisema "mwembeni kwa mzee wa redio". Nimeita jina hilo miaka kumi na zaidi.

#35 BintiWaMwembeni

Ni huo. Lori lile la mbao, baba ndiye aliyemtoa dereva ndani, akamlaza kwenye meza mpaka asubuhi.

Sikujua kama mlimwita mzee wa redio.